Kitendawili cha Mwezi wa Tano

Jumamosi asubuhi wakili Irshad alipanda ngazi za ofisi ya Mama Safaa akiwa amekumbatia nchi tatu kifuani. Hukumu ya Afrika Kusini ilikuwa juu, ya Australia katikati, na chini kabisa ya Uingereza, iliyofika kwa faksi juzi tu na kujikunja kama zinavyojikunja karatasi zote za faksi.

“Auntie, tumepona!”

“Wa alaikum salaam,” akajibu Mama Safaa, ambaye hakuwa amesalimiwa.

Jina lake hasa ni Firdaus Ayub. Alikuwa mpelelezi wa polisi hapo Thika mpaka alipochoka kuwapigia saluti watu aliowafundisha kazi yeye mwenyewe. Akatoka, akakodi chumba juu ya duka la viatu, akaandika mlangoni UPELELEZI WA KILA AINA. Chini yake mtu asiyejulikana aliongeza kwa kalamu: hata wa mabwana? Mama Safaa alikataa kabisa kuyafuta maneno hayo, maana nusu ya wateja wake waliingia kwa sababu yake.

Mteja wa leo alikuwa ameshaketi. Magdalene alikuwa mjane mwembamba wa Makongeni, mwenye gazeti dogo la Kiswahili lililotoka mara moja kwa mwezi, Mwangaza wa Chania. Leso yake ilikuwa imelowa tangu Alhamisi, siku alipopata tarehe ya kesi. Kesi ilikuwa Jumatatu. Akishindwa, dalali angeibeba mashine ya kuchapisha, kisha nyumba aliyoachiwa na marehemu, na hakuna mtu Thika aliyewahi kumwona dalali akirudi na kitu alichobeba.

“Sikilizeni,” Irshad alisema, akiiweka karatasi ya kwanza mezani. “Afrika Kusini, mwaka jana, mahakama ya rufaa ilisema gazeti likichapisha jambo ambalo baadaye linaonekana si kweli, halihukumiwi hapo hapo. Linaulizwa kwanza: mlichunguza? Mlikuwa waangalifu? Australia walisema karibu hivyo hivyo mwaka wa tisini na saba, kwa habari za siasa. Na Uingereza, Auntie, Uingereza yenyewe tulikotoa sheria zetu, majaji wa juu kabisa wamelisema mwezi uliopita! Dunia inageuka. Kwa hivyo Jumatatu tunakiri kwamba Magdalene alikosea, lakini tunasema alikosea kwa uangalifu.”

“Nilikosea kwa uangalifu,” Magdalene alirudia polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kisichomtosha.

“Hakimu wetu analazimika kuifuata Afrika Kusini?” Mama Safaa aliuliza.

“Halazimiki. Anaweza kushawishika.”

“Na wakili wa Nicanor akimshawishi kinyume?”

Irshad alitafuta kiti, akakaa.

Nicanor huyo alikuwa muuza ploti wa Ruiru, mtu wa suti na gari safi. Mwezi wa tano Magdalene aliandika kwamba watu walionunua ploti zake waliahidiwa maji, na mifereji yao ilikuwa ikitoa upepo tu. Habari hiyo ilikuwa kweli tupu. Aliongea na wanunuzi, akaifungua mifereji kwa mkono wake mwenyewe, akapulizwa usoni. Lakini nakala ya ukurasa wa nne iliyoambatishwa kwenye kesi ilikuwa na sentensi moja zaidi pale mwisho: kwamba mabomba ya mtaa ule Nicanor aliyaiba kwenye stoo ya umma. Hiyo haikuwa kweli, wala hapakuwa na wa kuithibitisha. Nicanor alidai kwamba Thika na Ruiru nzima zilimcheka na jina lake likaoza.

“Uliyaandika hayo ya wizi?” Mama Safaa aliuliza.

“Sijui. Haki ya Mungu, Mama Safaa, sijui. Naandika mimi, nahariri mimi, nafagia mimi. Siku ya kuchapisha huwa nimechoka mpaka naweza kukosea jina langu. Nilipoonyeshwa hilo gazeti, nikaona mstari mwekundu chini ya hayo maneno, nikaanza kulia. Sikusoma tena.”

“Nakala zako mwenyewe?”

“Za mwezi wa tano ziliharibika zote. Mwas wa mashine anasema mvua iliingia stoo.”

“Za mwezi wa tano peke yake?”

“Peke yake.”

“Mvua yenye kuchagua,” alisema Mama Safaa, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya meza. “Sasa mniambie kitu kimoja. Mimi pia naishi Makongeni. Mke wa kinyozi alinunua wigi, habari ikanifikia kabla wigi halijatoka dukani. Halafu Nicanor aitwe mwizi wa mabomba, tena gazetini, na mtaa mzima unyamaze? Mimi hayo nimeyasikia mara ya kwanza kwa wakili! Irshad mwanangu, ikunje Uingereza yako. Twende.”

Mashine ya Mwangaza wa Chania ilikaa kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba ya Magdalene. Walimkuta Mwas, fundi wa kupanga herufi na kuendesha mashine, akisugua rola ambalo lilikuwa safi tayari.

“Niaje, Mwas.”

“Poa, mathe. Poa kabisa.” Alivua kofia, akaivaa tena.

“Mvua iliingia wapi?”

“Hapo juu. Paa iko na shimo.”

Mama Safaa aliinua macho. Mabati yalikuwa makavu, hayana hata doa la kutu, na toka pembe hadi pembe utando wa buibui ulitanda mzuri usioguswa. Rafuni, nakala za mwezi wa nne na za mwezi wa sita zilikaa pande mbili za pengo, kavu kama biskuti.

“Buibui wa huku wanajua kuogelea?”

Mwas alirudi kusugua rola. Irshad alimvuta Mama Safaa kando kwa mkono wa buibui lake.

“Auntie, ni yeye! Nimekumbuka jina lake. Ni mmoja wa wale walionunua ploti kwa Nicanor. Mfereji wake hautoi maji, ana hasira, na herufi anazipanga yeye. Sentensi ameingiza yeye!”

Jambo hilo lilikuwa na sura nzuri, na Mama Safaa aliliogopa kwa sababu hiyo hiyo. Alirudi kwa Mwas.

“Mwas, wakili anasema wewe ndiye uliyeandika kwamba Nicanor aliiba mabomba.”

“Ai! Sio mimi! Mi sijaandika kitu!” Rola likamtoka mikononi. “Mi niliuza tu!”

“Uliuza nini?”

Magdalene alikuwa ameweka mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi hakukumbuka leso.

“Magazeti,” Mwas alisema, akitazama viatu vyake. “Kuna msee alikuja na pikapu kutoka Ruiru. Akasema anataka gazeti nzee za kufunga nyama, ati ako na bucha. Madam alikuwa ameenda kanisani. Nikaona ni karatasi tu. Halafu nikaogopa kumwambia, nikasema ni mvua.”

“Alichukua zipi?”

“Za mwezi wa tano.”

“Zote?”

“Zote. Zile zingine alikataa. Hata mi nilishangaa.”

“Kwani nyama ya Ruiru hukataa kufungwa na mwezi wa nne?” Mama Safaa aliuliza, na sasa alikuwa akitabasamu. “Umefanya makosa, kijana, na Magdalene atakusugua mwenyewe kwa wakati wake. Lakini mtu hanunui gazeti lote la mwezi mmoja kwa sababu ya yaliyomo. Yaliyomo ameshayasoma. Analinunua kwa sababu ya yasiyokuwamo.”

Alichukua gazeti la mwezi wa nne na la mwezi wa sita, akayafungua yote mawili ukurasa wa nne juu ya mashine, na katikati akaweka ile nakala ya Nicanor. Kisha akainama, mikono nyuma, akatazama karatasi tatu. Irshad alitazama sentensi. Magdalene alitazama sentensi. Mama Safaa peke yake ndiye aliyetazama pembeni, pale chini kulia ambapo safu ya mwisho huishia.

“Magdalene, hapa chini huwa unaweka nini?”

“Kitendawili. Kila mwezi. Mwenye jibu la kwanza anapata kilo ya sukari, jibu linatoka mwezi unaofuata. Sikosi kamwe, wasomaji wangenila nyama! Kuna watu wananunua gazeti kwa sababu ya kitendawili, hizo habari zingine...”

Akasimama hapo hapo. Alikuwa ameinamia nakala ya Nicanor. Chini kulia, mahali pa kitendawili, palikuwa na sentensi ya mabomba.

“Ngai mwathani,” alisema Magdalene. “Kitendawili changu kiko wapi?”

“Kimehama ili mwizi apate pa kulala,” alisema Mama Safaa. “Nafasi ya gazeti haiongezeki. Ukitaka kuingiza maneno, sharti utoe mengine, na aliyeingiza haya alitoa kitu alichodhani ni pambo. Hilo gazeti lake limechapishwa nakala moja tu, Irshad, ya kupeleka mahakamani. Habari yako ya maji, Magdalene, ilikuwa kweli, na ukweli hauna mahali pa kushtakiwa. Basi akautafutia uongo wa kuusindikiza!”

Irshad alilichukua lile la mwezi wa sita kwa pupa, akasoma kwa sauti: “Jibu la mwezi uliopita, king'ora cha kiwanda. Mshindi wetu, Mama Ephantus wa Ruiru. Hongera!” Uso wake ukang'aa, kisha ukafifia. Mawakili ndivyo walivyo, hawawezi kufurahi kwa muda mrefu. “Watasema kitendawili kilikuwa ukurasa mwingine. Tunahitaji gazeti lenyewe, na lenyewe limefungia nyama.”

“Limefungia nyama huko Ruiru,” alisema Mama Safaa. “Hapa Makongeni gazeti lina kazi nyingine.”

Hoteli ya Jentrix ilikuwa kibanda cha mbao karibu na stendi, na mbao za Jentrix ziliachana vya kutosha kumpitisha paka. Kwa hivyo kila mwezi, wateja wakishamaliza kulisoma gazeti, alikoroga uji wa unga wa ngano na kulibandika ukutani kuzuia upepo. Mtu alikunywa chai pale akisoma ukuta, na akitaka kujua zaidi aliombwa ahamie meza nyingine. Kulikuwa na wazee waliokuwa wamesoma kuta tatu na walikuwa wakingojea ya nne.

“Karibuni, karibuni! Mama Safaa, umepotea kama nani! Chai ngapi?”

“Zote, Jentrix. Na uniambie, kitendawili cha mwezi wa tano kilikuwa kipi?”

Lo! Heri angetupa nyuki ndani ya kibanda. Watu wa meza nne walijibu kwa pamoja. Hana mdomo, hana miguu, akilia mji mzima unatembea! Mzee mmoja alisema jibu lilikuwa jogoo, na kwamba alionewa. Dereva mmoja akamuuliza jogoo asiye na miguu alimwona wapi. Mama muuza maziwa alisema yeye alijibu “mtoto wangu wa mwisho” na bado anaamini alikuwa na haki. Jentrix alipiga sufuria kwa mwiko mpaka wakanyamaza.

“Na mabomba?” Mama Safaa aliuliza. “Nani alisoma kwamba Nicanor wa Ruiru aliiba mabomba?”

Vichwa viligeuka kutafuta ukutani.

“Aliiba mabomba?” alisema dereva, macho yakimtoka. “Lini? Mbona mnatuficha vitu vizuri?”

“Hakuiba, keti. Jentrix, mwezi wa tano uko ukuta gani?”

Mwezi wa tano ulikuwa nyuma ya jiko, ukurasa wa nne chini ya kalenda ya kanisa. Jentrix aliiondoa kalenda kwa heshima. Karatasi ilikuwa imepata rangi ya chai kwa moshi, lakini ilisomeka yote: habari ya mifereji, neno la mwisho, nukta, na chini yake kitendawili. Hapakuwa na bomba lililoibwa wala nafasi ya kuliweka. Magdalene aliweka kiganja juu ya ukuta, akacheka na kulia kwa wakati mmoja.

“Sikuandika! Jamani, mimi sikuandika! Miezi hii yote nimekuwa nikitubu dhambi ya mtu mwingine!”

Irshad alikuwa ameshatoa kisu kidogo cha kukunja.

“Wee! Wakili!” Jentrix alijitupa mbele ya ukuta. “Hiyo ukitoa, upepo unaingia na sufuria zangu. Hakimu akitaka kusoma, aje. Chai yake nitampikia.”

“Mahakama inaweza kuja kuangalia mahali,” Irshad alisema, na kisu kikarudi mfukoni. Unaweza kudhani ameahidiwa sikukuu. “Sheria inaruhusu. Auntie, hakimu atakuja kusoma ukuta!”

“Huenda. Lakini ukuta hauapi wala haujibu maswali. Nataka pia mtu aliyeishika hiyo sukari mkononi. Magdalene, Mama Ephantus anakaa wapi?”

“Ruiru, ng'ambo ya reli. Ni cucu mmoja, bibi kizee mchangamfu sana. Alipokuja kuchukua zawadi alinibariki mpaka nikaona haya.”

Walifika Ruiru kabla ya saa ya chakula, mvua fupi ikiwa imepita na kuacha vidimbwi. Nyumba ya Mama Ephantus ilikuwa ya mawe, na sukuma wiki ilifika hadi mlangoni. Mwenyewe alikuwa mdogo, mkavu, na macho yake yalifika kwa mtu kabla ya mikono yake.

“Msichana wa gazeti! Ngai, na watu wake! Ingieni, ingieni. Chai ipo, ila sukari imeisha.”

“Mama, sukari si ile pale?” Magdalene alisema.

Juu ya kabati, kwenye kitambaa cha kufuma, ilikaa pakiti ya sukari, haijafunguliwa.

“Ile si ya kunywa! Ile ni kombe langu. Mimi sijawahi kushinda kitu maishani ila hiyo.” Aliwamiminia chai kavu, akakaa, akafurahi kuulizwa. “Ningekosaje? Baba Ephantus alifanya kiwandani Thika mpaka nywele zikawa nyeupe. Tulikaa Makongeni wakati huo. King'ora kikilia anaweka kikombe chini, hata kama ni nusu, anaondoka. Mtoto wangu wa pili ndiye alimkimbilia na kofia. Kila siku alisahau kofia makusudi, ili akimbiliwe.”

Mama Safaa alikuwa akisikiliza, lakini macho yake yalikuwa yamepanda ukutani. Palikuwa na picha mbili.

“Huyo mwenye miwani?”

“Ndiye Ephantus, kifungua mimba. Yuko Nakuru.”

“Na huyu mwenye suti?”

“Si huyo wa kofia! Nicanor. Anauza ploti.”

Chai ilimpalia Irshad hata Magdalene ikabidi ampige mgongoni. Hapo ndipo lilipokuwa kosa la Nicanor, na kosa hilo asingelifanya mtu ambaye mama yake anaitwa kwa jina lake. Yeye alikuwa wa pili. Maisha yake yote mama yake aliitwa kwa jina la kaka yake, na aliposoma gazeti la mwezi wa sita kutafuta kama Magdalene amemwandika tena, jina la Mama Ephantus lilimpita machoni kama la mama wa watu.

“Kwa nini mnauliza, mwanangu?” bibi alisema. Hakuwa akicheka tena.

Mama Safaa angeweza kudanganya. Alikuwa hodari wa hilo, serikali ilimlipa kwa miaka. Lakini alikuwa ameinywa chai ya mwanamke huyu, basi alimwambia yote, toka mifereji hadi ukuta wa Jentrix, na kwamba Jumatatu Magdalene angepoteza nyumba, na kwamba wao walikuja kumtafuta shahidi bila kujua ni mama wa nani.

“Sitakulazimisha, mama,” alimaliza. “Ukitaka tuondoke, tutaondoka, na ukuta utasema peke yake.”

Bibi alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo.

“Jumamosi huwa anakuja kula,” alisema. “Kaeni.”

Hawakukaa sana. Gari lilinguruma nje, na Nicanor akaingia akipangusa viatu, mtu mnene wa kupendeza, mikono imejaa mkate na majani ya chai.

“Maitu, wi mwega?” akamwamkia mama yake. Kisha akawaona wageni. Mkate ukashuka mezani wenyewe. “Hawa wanafanya nini hapa?”

“Tunakunywa chai,” alisema Mama Safaa. “Kavu.”

“Wakili, hii ni kuingilia mashahidi! Nitakuongezea kesi!”

“Shahidi wako ni mama yako?” Irshad aliuliza kwa upole. “Hukumwandika kwenye orodha.”

“Nicanor,” bibi alisema. “Kaa.”

Akakaa.

“Kitendawili.”

“Maitu, kuna wageni, na hawa watu wame...”

“Kitendawili!”

Hakuna mtoto aliyelelewa na mama mwenye sauti ile anayeweza kulizuia jibu. “Tega,” alisema Nicanor, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mwenye kaptura.

“Hana mdomo, hana miguu, akilia mji mzima unatembea.”

Nicanor alifungua kinywa. Kila mtu aliliona jibu likimfika mdomoni, na kila mtu aliliona likirudishwa. Hati ya kiapo aliyoitia sahihi ilisema kwamba nakala yake ndiyo ukurasa wote wa nne, na nakala hiyo haikuwa na kitendawili. Akijibu hapo hapo, Mama Safaa yuko tayari kumuuliza amekisoma wapi. Asipojibu, basi hakujua kitu ambacho kila siku kilimkimbiza barabarani na kofia ya baba yake.

“Hukijui?” mama yake aliuliza. “Wewe?”

“Maitu...”

“Mimi nilikipata siku ile ile niliposomewa. Nilisikia kikombe cha baba yako kikiwekwa chini. Nikasema, wacha nipeleke jibu, pengine na yeye atafurahi huko alipo. Kumbe wewe ulikitoa.”

Nicanor alitazama picha ukutani, kisha kabati, kisha pakiti ya sukari. Pengine ndiyo mara yake ya kwanza kuelewa kwa nini haikuwahi kufunguliwa. Mabega yakamshuka.

“Nimeshindwa, Maitu,” alisema.

“Basi nipe mji.”

“Nikupe mji gani?”

“Nairobi sitaki. Mombasa nitafanyia nini, kuna joto. Nipe kesi ya huyu msichana.”

Nje ng'ombe alilia, akaona hajibiwi, akaacha.

“Chukua,” alisema Nicanor.

Magdalene alifunika uso kwa leso na mabega yakatikisika, na haikujulikana ni kilio au kicheko mpaka kicheko kilipomponyoka, kirefu, cha mtu aliyekuwa amekihifadhi tangu mwezi wa tano. Irshad aliruka. Alitaka kesi iondolewe kwa maandishi, na sahihi, na radhi ya kuchapishwa gazetini, na alitaka vyote kabla chakula hakijapakuliwa. Alipekua mkoba wake lakini hakuwa na karatasi tupu hata moja. Mwishowe akaigeuza Uingereza, akainyoosha kwa viganja, na Nicanor akaandika nyuma yake, polepole, kwa herufi nzuri za shule: naondoa kesi yangu yote, na gazeti halikukosea.

“Nani alikuchapia ile nakala moja?” Mama Safaa aliuliza alipomaliza.

“Jamaa wa kadi za harusi, hapo stendi.”

“Mwambie Jumatatu asubuhi aje ofisini kwangu. Akichelewa nitaenda kwake mimi, na mimi nikienda kwa mtu huwa nakaa. Na wewe pia utakuja. Kudanganya mahakama si jambo la kumalizwa na mama peke yake.”

“Nitakuja,” alisema Nicanor.

Irshad aliitazama Uingereza yake iliyoandikwa mgongoni, akaguna. “Afrika Kusini sikuigusa hata. Auntie, hoja ilikuwa nzuri sana.”

“Itunze, mwanangu. Iko siku gazeti litakosea kweli, na siku hiyo hatutakuwa na Mama Ephantus.”

Bibi alikuwa ameinuka. Alisogeza kiti hadi kabatini, akakataa kusaidiwa, akaishusha pakiti na kuichana mdomo kwa meno yaliyobaki. Akatia sukari kwenye kila kikombe, vijiko viwili viwili bila kuuliza mtu, cha Nicanor mwishoni. Chai ikanywewa tamu. Hata Nicanor, alipokwisha kuona kwamba hajafukuzwa, alianza kucheka kidogo, kwa woga, akimsikiliza Magdalene akisimulia habari ya mzee wa jogoo.

“Mama,” Magdalene alisema, “sina kitendawili cha mwezi wa kumi na mbili. Nitegee wewe.”

Bibi hakufikiri hata. Alimtazama mwanawe.

“Kitendawili.”

“Tega!” wakasema wote.

“Nina mwana mwenye koo refu, hajawahi kumeza tone.”

Magdalene alitafuta kalamu. Irshad alianza kuhesabu twiga na nyoka kwa vidole. Nicanor alikuwa ameinamia kikombe chake, na safari hii jibu hakulirudisha.

“Ni bomba langu,” alisema. “Maitu, mwambie asikichape. Kwanza niwafungulie watu maji.”

“Gazeti linatoka tarehe mosi,” alisema Magdalene.

“Basi umesikia,” mama yake alisema, akamsogezea mkate. “Kula haraka, uende ukatafute fundi.”